Matukio kama kumbukumbu kuu: oda zinazopotea, orodha zinazochelewa na barua pepe zinazojirudia

Swali: Timu yetu ina watengenezaji watano wa programu. Tumeuvunja mfumo wetu kuwa huduma tatu, yaani oda, stoo na malipo, na zinapashana habari kwa matukio kupitia Kafka, mtambo wa kusambaza ujumbe kati ya programu. Tunataka matukio hayo ndiyo yawe kumbukumbu kuu, yaani rekodi rasmi, na upande wa kuandika utengane na upande wa kusoma. Tumekwama mahali patatu. Kuna oda zilizomo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL ambazo stoo haijawahi kuzisikia. Mteja anaweka oda, akifungua orodha yake haioni. Na tulipojenga upya jedwali la kusoma, yaani lile linalojazwa kutokana na matukio, wateja walipokea barua pepe za oda za mwaka uliopita. Je, Kafka ndiyo inayotuangusha, au mpango wenyewe hautufai?

Jibu: Kafka haina kosa hapo. Mpango nao unafaa, ila kwa sehemu tu ya mfumo wenu, na si lazima kwa huduma zote tatu. Shida zenu tatu zina vyanzo tofauti, lakini zote zinarudi kwenye swali moja: jambo likitokea, linaandikwa rasmi wapi? Likiandikwa mahali pawili kwa wakati mmoja, siku moja mahali hapo pawili patapingana, na hakuna mtambo wa ujumbe utakaowasuluhisha.

Oda ambazo stoo haikuzisikia

Bila shaka msimbo wenu unafanya hivi: unahifadhi oda PostgreSQL, muamala (transaction, maandishi yanayokubaliwa yote au kutenguliwa yote) unakamilika, kisha unatuma ujumbe Kafka. Kati ya hatua hizo mbili kuna upenyo. Seva ikizimwa wakati wa kupakia toleo jipya la programu, kumbukumbu ya seva (RAM) ikijaa, au mtandao ukikatika hapo katikati, oda ipo na ujumbe haupo. Kugeuza mpangilio hakusaidii: mkituma kwanza, muamala ukitenguliwa, stoo itakuwa imetenga bidhaa za oda isiyokuwepo. Kuzungushia kamata-hitilafu (try/catch) nako hakusaidii, kwa sababu programu iliyouawa haina nafasi ya kukamata chochote. Miamala ya Kafka yenyewe inalinda yanayotokea ndani ya Kafka tu; haiijui PostgreSQL.

Dawa ni kuandika mara moja. Katika huduma ya oda, tukio lenyewe ndilo rekodi, na mengine yote, ujumbe wa Kafka ukiwemo, yananakiliwa kutoka hapo baadaye. Jedwali linalotosha kuanzia ni hili:

```sql
CREATE TABLE matukio (
  nafasi   bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  muamala  xid8 NOT NULL DEFAULT pg_current_xact_id(),
  mkondo   uuid NOT NULL,
  toleo    int NOT NULL,
  aina     text NOT NULL,
  data     jsonb NOT NULL,
  meta     jsonb NOT NULL,
  wakati   timestamptz NOT NULL DEFAULT now(),
  UNIQUE (mkondo, toleo)
);
CREATE INDEX ON matukio (muamala, nafasi);
```

Kila oda ina mkondo wake, na kila tukio la oda hiyo lina toleo: 1, 2, 3 na kuendelea. Amri, yaani ombi la kubadilisha oda, ikija, mnasoma matukio yote ya mkondo huo kwa mpangilio wa toleo, mnayapitisha moja baada ya jingine hadi mpate hali ya sasa, mnaamua kama amri inakubalika, kisha mnaingiza tukio jipya kwa toleo linalofuata. Watu wawili wakigusa oda ileile kwa pamoja, wote wamesoma hadi toleo la 6 na wote wanajaribu kuandika la 7, mmoja atafaulu na mwingine atapata kosa namba 23505 la PostgreSQL, la kurudia thamani inayotakiwa kuwa ya kipekee. Huyo wa pili arudie tangu mwanzo: asome upya, aamue upya, aandike la 8 kama bado inafaa. Majaribio matatu yanatosha. Kosa linaloonekana sana hapa ni kukamata 23505, kuongeza namba ya toleo na kuandika uamuzi uleule wa awali. Hapo kizuizi mlichokiweka mmekiondoa wenyewe, na oda iliyokwisha kughairiwa itatumwa kwa mteja.

Hii ndiyo sababu kumbukumbu kuu isikae Kafka. Kafka haina namna ya kuambiwa "pokea tukio hili iwapo tu la mwisho la oda hii ni la 6." Haiwezi pia kukupa matukio ya oda moja bila kupitia patisheni nzima, yaani fungu zima la ujumbe lenye oda nyingine nyingi. Muda wake wa kawaida wa kutunza ujumbe ni saa 168, yaani siku 7. Mnaweza kuuondoa ukomo huo, lakini mtu akiwasha usafishaji unaobakiza ujumbe wa mwisho wa kila ufunguo, na ufunguo wenu ni namba ya oda, historia yote ya oda inafutwa na kubaki tukio moja. Kwa kusambaza habari kati ya huduma, hata hivyo, Kafka inaifanya kazi hiyo vizuri sana.

Sasa anahitajika mtumaji, yaani mchakato mdogo unaosoma jedwali la matukio na kupeleka Kafka, ukitunza alama ya mahali ulipofikia. Hapa ndipo timu nyingi hupoteza matukio kwa mara ya pili bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kusoma "matukio yote yenye nafasi kubwa kuliko alama yangu." Lakini PostgreSQL hutoa namba ya nafasi wakati wa kuingiza mstari, si wakati wa kukamilisha muamala. Muamala wa kwanza unachukua nafasi ya 101 na kuchelewa kidogo. Wa pili unachukua 102 na kukamilika mara moja. Mtumaji anapita, anaiona 102, anaipeleka, anaandika alama 102. Sekunde moja baadaye 101 inakamilika, na hakuna atakayeisoma tena. Kusubiri namba zifuatane bila pengo hakuwezekani, kwa sababu muamala uliotenguliwa huacha pengo la kudumu. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji jambo hili halitokei kabisa, hutokea chini ya mzigo halisi, mara chache, na linafanana kabisa na "Kafka imepoteza ujumbe."

Kuna njia mbili za kulizuia. Ya kwanza ni rahisi: kabla ya kuingiza tukio, kila muamala uchukue kufuli moja kwa `pg_advisory_xact_lock`, ili waandishi wapite mmoja mmoja. Kufuli hilo hushikiliwa hadi muamala ukamilike. Kama kipande hicho kinachukua milisekunde 5, mna kikomo cha miamala 200 kwa sekunde. Kwa mifumo mingi ya oda hicho ni kikomo cha mbali sana, na mimi ningeanzia hapo.

Ya pili haihitaji kufuli, na ndiyo inayotumia ile safu ya `muamala`:

```sql
SELECT * FROM matukio
WHERE (muamala, nafasi) > ($1, $2)
  AND muamala < pg_snapshot_xmin(pg_current_snapshot())
ORDER BY muamala, nafasi
LIMIT 500;
```

Sharti la kati linasema: nipe yale tu ambayo miamala yote iliyotangulia imekwisha kukamilika au kutenguliwa. Angalia kwamba alama ni jozi, na mpangilio unaanza na `muamala`. Ukipanga kwa `nafasi` peke yake huku ukichuja kwa `muamala`, lile pengo linarudi, kwa sababu muamala ulioanza mapema unaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko ulioanza baadaye. Kuna masharti mengine matatu. Kuingiza tukio kuwe ndiyo maandishi ya kwanza ya muamala, la sivyo toleo la 7 la oda linaweza kutoka kabla ya la 6. Muamala mrefu wa kuandika kwenye seva hiyo unamzuia mtumaji, hata kama haugusi jedwali hili, basi wekeni `idle_in_transaction_session_timeout`, inayokata muunganisho ulioacha muamala wazi bila kufanya kazi. Na mkihamia seva mpya kwa `pg_dump`, zana ya kunakili hifadhidata, namba za miamala za seva mpya huenda zikawa ndogo kuliko zilizohifadhiwa, mtumaji akanyamaza kimya bila kosa lolote. Kabla ya kuhama hakikisheni kila msomaji amefika mwisho, kisha kwenye seva mpya wekeni `muamala` wa mistari ya zamani uwe 0, pamoja na alama zinazolingana. Aina ya `xid8` na vitendakazi hivi vipo kuanzia PostgreSQL 13.

Njia nyingine ni Debezium, inayosoma kumbukumbu ya maandishi ya PostgreSQL yenyewe na hivyo kufuata mpangilio wa kukamilika kwa miamala. Ni nzuri, ila ni mtambo mwingine wa kutunza: ikisimama siku mbili, PostgreSQL inaendelea kulimbikiza faili zake kwa ajili yake hadi diski ijae. Watu watano wasiianze bila sababu.

Mtumaji awe mmoja anayefanya kazi kwa wakati mmoja. Mtu akishauri watumaji wanne wagawane kazi kwa `SKIP LOCKED`, yaani kila mmoja aruke mistari iliyoshikwa na mwenzake, jibu ni hapana, kwa sababu mpangilio wa matukio ya oda moja utavurugika. Na ufunguo wa ujumbe Kafka uwe namba ya mkondo, maana Kafka hulinda mpangilio ndani ya patisheni moja tu. Amueni idadi ya patisheni mapema, 12 au 24 kwa mfano; mkiiongeza baadaye, funguo zinagawanywa upya, na oda moja inaweza kuwa na matukio ya zamani kwenye patisheni hii na mapya kwenye ile.

Mtumaji anaweza kufa baada ya kupeleka na kabla ya kuandika alama. Akiamka atapeleka tena. Kwa hiyo stoo itapokea baadhi ya ujumbe mara mbili, na hilo si hitilafu ya kurekebisha. Ni hali ya kuizoea. Katika muamala uleule unaotenga bidhaa, stoo iingize namba ya tukio kwenye jedwali lenye ufunguo wa kipekee, kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`. Ikirudi mistari 0, tukio hilo limeshashughulikiwa, pita. Muhimu ni neno "muamala uleule." Wanaotunza namba hizo kwenye hifadhi nyingine, kama Redis, na bidhaa PostgreSQL wamefungua upya ule upenyo tuliouziba.

Mipangilio ya kawaida ya Kafka nayo inaweza kuzalisha marudio kwa wingi. Msomaji wa Kafka huchukua hadi ujumbe 500 kwa mkupuo, na ana dakika 5 za kurudi kuchukua mwingine. Kila ujumbe ukikuchukua sekunde 0.7, mkupuo mzima ni sekunde 350. Zimezidi 300, Kafka inadhani umekufa, inampa mwingine kazi yako, naye anaanza mkupuo uleule na kushindwa vilevile. Mkiona wasomaji wanabadilishana patisheni kila dakika tano na kazi haisongi, punguzeni `max.poll.records`, yaani ukomo wa ujumbe kwa mkupuo, kabla ya kugusa kitu kingine.

Oda isiyoonekana kwenye orodha

Hapa hakuna kilichopotea. Jedwali la kusoma linajengwa baada ya tukio kuandikwa, na mteja amewahi kufika kabla yake. Watu wengi hudhani kutenganisha kuandika na kusoma lazima kulete ucheleweshaji huu. Si lazima. Greg Young, aliyeupa mpango huu wa kutenganisha jina la CQRS (Command Query Responsibility Segregation), aliujenga juu ya kanuni ya Bertrand Meyer kwamba kitendo ama kibadilishe hali ama kijibu swali, kisifanye yote mawili. Ndani ya kanuni hiyo hakuna Kafka wala kuchelewa. Jedwali la orodha ya oda likiwa kwenye hifadhidata ileile ya matukio, lisasisheni katika muamala uleule unaoingiza tukio. Mteja ataona oda yake papo hapo. Gharama yake ni kwamba kuandika kunakuwa kuzito kidogo, na jedwali likikosewa linaweza kuangusha amri. Kwa jedwali moja au mawili yanayotazamwa na mteja mara tu baada ya kubofya, bei hiyo inalipika. Ripoti, utafutaji na takwimu ziacheni zijengwe nyuma.

Pale ambapo hilo haliwezekani, kwa mfano orodha iko kwenye injini ya utafutaji, tumieni toleo. Jibu la amri lirudishe namba ya mkondo na toleo lililoandikwa. Kila mstari wa jedwali la kusoma utunze toleo lililoujenga. Programu ya mteja inapoomba orodha, itume pamoja na ombi: "nahitaji oda hii ikiwa angalau toleo la 1." Seva inaangalia, kama bado, inasubiri milisekunde 100 na kuangalia tena, kwa muda usiozidi sekunde 2, kisha inajibu na alama ya "inashughulikiwa." Msiweke usingizi wa sekunde moja baada ya kila amri. Siku ya kawaida unamchelewesha kila mtu bure, na siku ya mzigo sekunde moja haitoshi.

Ukurasa wa oda moja hauhitaji hata hayo. Someni mkondo wenyewe. Oda ya kawaida ina matukio kumi, ishirini, na kuyapitia ni kazi ya milisekunde.

Pimeni ucheleweshaji kwa umri, si kwa idadi. "Yamebaki matukio 3,000" haimwambii mtu wa zamu chochote. "Tukio la zamani zaidi lililosubiri lina sekunde 40" linamwambia yote. Na kamwe amri isiamue kwa kusoma jedwali la kusoma. Jedwali linalosema oda haijalipwa linaweza kuwa nyuma kwa sekunde tatu, na sekunde tatu zinatosha kumtoza mteja mara mbili.

Barua pepe za mwaka uliopita

Mmechanganya kazi mbili ndani ya msomaji mmoja. Kuna mjenzi, ambaye kazi yake ni kupokea tukio na kubadilisha jedwali lake, basi. Kuna na mtendaji, anayegusa ulimwengu wa nje: kutuma barua pepe, kutoza kadi, kuita huduma nyingine. Mjenzi anaweza kurudishwa mwanzo wakati wowote. Mtendaji ana alama yake mwenyewe, hairudishwi nyuma, na akianzishwa kwa mara ya kwanza anaanzia mwisho wa mkondo, si mwanzo. Watengeni kwenye msimbo kiasi kwamba mjenzi hana hata njia ya kuifikia huduma ya barua pepe.

Mjenzi pia asiulize saa wala asiite huduma nyingine. Akihitaji bei ya bidhaa, bei hiyo iwe ndani ya tukio kama ilivyokuwa wakati wa kuagiza. Akiiuliza stoo bei wakati wa kujenga upya, oda za mwaka uliopita zitapata bei za leo, na jumla hazitalingana na risiti za wateja.

Kujenga upya kusifanyike juu ya jedwali linalotumika. Tengenezeni `orodha_oda_v2`, mpeni mjenzi mpya alama tupu, aanze tangu tukio la kwanza, akifika mwisho hamisheni usomaji kwake, na la zamani libaki siku chache ili mrudi nyuma mkiona kasoro. Pigeni hesabu kabla: matukio milioni 50 kwa kasi ya 5,000 kwa sekunde ni sekunde 10,000, karibu saa 2 na dakika 47. Mkikamilisha muamala kwa kila tukio hamtafika kasi hiyo; kamilisheni kila matukio 500 hadi 1,000, na alama iandikwe ndani ya muamala huohuo.

Tukio moja likimshinda mjenzi, asimame na apige kengele. Akiliruka, jedwali litasema uongo na hakuna atakayejua. Mtendaji ni tofauti: baada ya majaribio matano aliweke kando tukio hilo pamoja na yanayofuata ya oda hiyohiyo, na aendelee na oda nyingine.

Mpango huu unafaa wapi katika huduma zenu

Oda inafaa. Ina hatua, ina historia ambayo watu wa huduma kwa wateja wanaiuliza kila siku, na kila oda inaguswa na watu wachache.

Stoo ningeiacha na jedwali la kawaida. Bidhaa inayotafutwa sana ikiwa mkondo mmoja, wanunuzi mia wanagombea toleo moja, na 99 wanapata 23505 na kurudia. `UPDATE bidhaa SET zilizobaki = zilizobaki - $1 WHERE id = $2 AND zilizobaki >= $1` inafanya kazi hiyo kwa mstari mmoja: ikirudi 0, bidhaa hazitoshi. Katika muamala huohuo ingizeni ujumbe wa kutoka kwenye jedwali la pembeni, na mtumaji wa aina ileile aupeleke Kafka. Huduma hiyo itakuwa inaendeshwa kwa matukio bila kuyafanya kumbukumbu kuu. Mambo hayo mawili huchanganywa mno.

Malipo yanataka uangalifu wa aina nyingine. Mtoa huduma wa malipo asipojibu ndani ya sekunde 30, hamjui kama pesa imetoka. Msiandike `MalipoYameshindikana`, andikeni `JibuLaMalipoHalijapatikana`, kisha ulizeni hali kwa namba ileile ya ombi mliyoituma mwanzo, ili hata mkirudia asitozwe mara mbili. Mratibu wa safari nzima, kutoka oda hadi stoo hadi malipo, naye ana mkondo wake, na muda wa kusubiri autunze kama mstari kwenye jedwali la ratiba. Kipima muda cha kwenye kumbukumbu ya programu kinakufa na programu. Amueni mapema na wenye biashara: bidhaa imetengwa kwa dakika 15, muda umeisha, zimeachiwa, halafu malipo yanaingia dakika ya 16. Mnajaribu kutenga tena au mnarudisha pesa? Msipoamua, msimbo utawaamulia.

Matukio yenyewe

Tukio linaloitwa `OdaImebadilishwa` likiwa limebeba oda nzima ni nakala ya mstari wa jedwali. Miezi sita baadaye hakuna anayejua kilichobadilika wala kwa nini. `AnwaniImesahihishwa` na `MtejaAmehama` zinaweza kubadilisha safu moja ileile, lakini ya pili ndiyo inayopaswa kuamsha hesabu mpya ya gharama za usafirishaji.

Tukio likishaandikwa halisahihishwi. Mhasibu akikosea haandiki juu ya mstari wa zamani, anaandika mwingine wa kusawazisha, fanyeni hivyohivyo. Muundo ukibadilika, ongezeni uga wenye thamani ya kuanzia, au tengenezeni aina mpya na kigeuzi kinachopandisha tukio la zamani hadi muundo mpya wakati wa kusoma. Hesabu za pesa ziwe namba nzima za sehemu ndogo ya sarafu, zisiwe za desimali zinazoelea. Kwenye `meta` wekeni namba ya tukio, namba ya ombi lililoanzisha yote, na namba ya tukio lililosababisha hili. Bila hizo, kufuatilia oda iliyokwama katika huduma tatu ni kubahatisha.

Matukio ya ndani msiyapeleke yalivyo kwa stoo. Mtumaji ayatafsiri kuwa ujumbe wa nje wenye uga chache mlizokubaliana, la sivyo kila mkibadilisha kitu ndani ya oda mtavunja huduma za wengine.

Picha za hali, zile zinazohifadhiwa ili kutosoma mkondo mzima, ziacheni kwa sasa. Mikondo ya matukio ishirini haizihitaji, na kila mara kanuni za hesabu zinapobadilika lazima zifutwe zote.

Kuhusu taarifa binafsi: jedwali lisilofutwa linagongana na haki ya kufutiwa taarifa, kama ile ya kifungu cha 17 cha GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi. Jina, simu na anwani vikae kwenye jedwali la wateja, na tukio libebe namba ya mteja tu. Ikilazimu viwe ndani ya tukio, vifungwe kwa ufunguo wa siri wa mteja huyo, na ombi la kufuta likija, ufunguo ndio unaofutwa. Nakala za akiba za funguo zinahesabika; zikikaa miaka mitano, hamjafuta kitu. Majedwali ya kusoma na ujumbe uliomo Kafka mvikumbuke pia.

Oda zilizopo tayari

Msijaribu kukisia historia yao kutokana na safu za jedwali la sasa. Tarehe ya `imebadilishwa` haisemi kilichobadilika. Kila oda iliyo wazi ipewe tukio moja, `OdaImehamishwa`, lenye hali yake yote kama ilivyo siku hiyo, toleo la 1, na yanayofuata yaendelee kutoka hapo. Zilizofungwa zibaki jedwali la zamani kwa kusomwa tu. Watendaji wote wapuuze `OdaImehamishwa`. Andikeni jaribio la hilo kabla ya kuhamisha, kwa sababu mtendaji wa barua pepe anayeiona oda hiyo kama mpya atawarudishia tatizo lenu la tatu kwa wateja wote kwa mkupuo mmoja.